Klarineti Katikati ya Mifuko ya Maharagi

Ninyi vijana wenye mutasoma karatasi hii, mukae vizuri kwanza. Mutoe vile vitu vya kusikilizia kwa masikio. Mimi sikusoma sana: nilifika mwaka wa ine kule Masisi, kisha ng'ombe za baba zikanihitaji kuliko shule. Kwa hiyo musitafute hapa maneno ya mapambo. Nitawaambia habari za mutu mumoja tuliyekaa naye avenyi moja, hapa Goma, kartie Mapendo, miaka mingi. Jina lake siandiki, kwa sababu hata mimi sikulitumia. Tulimwita Mwalimu. Alizaliwa wapi na nani alimuzaa, mukamuulize mwenyewe. Mimi naandika niliyoyaona na niliyoyasikia, na niliyasikia mengi, kwa sababu ukuta kati ya nyumba yake na yangu ni wa mbao, na mbao zenyewe hazipendani.

Alikuwa anafundisha fanfari ya kanisa: matarumbeta, ngoma kubwa, na yeye mwenyewe klarineti. Kwa wenye hawaijui, klarineti ni filimbi nyeusi ndefu, imejaa vifungo vya chuma kama koti ya askari, na kwa mudomo wake munafungwa kipande chembamba cha tete. Kile kipande lazima kilowe mate kabla ya kupiga. Wengine wanakilowesha wakifika kazini. Mwalimu alikuwa anakilowesha njiani. Unamukuta asubuhi anapanda kwenda kanisani, tete kwa mudomo, unasema, "Mwalimu, jambo," yeye anakujibu kwa nyusi. Mukwe wangu, siku ya kwanza kufika kwetu, alimusalimia mara tatu, kisha akaniuliza kwa huruma kama jirani wetu ni bubu. Nikamwambia, "Ngoja akitoe kile kitu kwa mudomo. Utamuomba akirudishe."

Kwa sababu alisema sana. Alikuwa na neno la kila jambo, na yote yaliishia kwa muziki. Ukiunguza bugali, anakuambia uliingia mapema. Ukigombana na mutu, anasema hamukupatanisha sauti kabla ya kuanza. Kwa wanafunzi wa fanfari alikuwa anasema, "Mutu asiyehesabu anaingia kwa wimbo kama mbuzi kwa kanisa: wote wanamuona isipokuwa yeye." Na kweli siku moja mbuzi iliingia kanisani, ikasimama mbele ya matarumbeta, na Mwalimu hakusimamisha wimbo. Aliinyoshea mukono wa kushoto, kama anaionyesha zamu yake, na ile mbuzi ikalia pale pale. Musiseme mimi Koko, bibi yenu, natunga. Pasta mwenyewe aliinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Alikuwa mukali kwa saa, lakini kufika kwa saa hakuweza. Saa yake ya mukono ilikufa zamani, na aliendelea kuivaa na kuiangalia, halafu anakunja uso kama sisi wote tumechelewa. Kuna bibi arusi aliyemungoja mpaka maua yake yakalala. Alipofika akamwambia, "Binti, kuchelewa ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kufika na kuharakisha." Kwa matanga alikuwa mukavu kama kuni, alikataza fanfari yake kulia, alisema machozi yanaozesha chombo. Lakini kwa arusi alilia mwenyewe, mpaka klarineti ikatoa sauti ya bata. Na ng'ombe alikuwa anaziogopa. Mutu muzima, akiona ndama anavuka barabara. Mimi binti wa wafugaji, hilo nilichelewa sana kumusamehe.

Sasa sikilizeni shauri la asubuhi. Kila siku, kabla ya jogoo wangu, Mwalimu alikuwa anapiga wimbo mumoja, ule ule. Haukuwa wa kanisa. Ulikuwa wimbo wa Wazungu wa zamani, wa sehemu tatu: ya kwanza inakimbia, ya pili inatembea polepole, ya tatu inacheza. Haya, anaanza vizuri, unaanza kuupenda kidogo, paf, ananyamaza. Unasikia muguu tu unagonga mbao, to, to, to. Kisha anaingia tena, mahali pengine kabisa. Kisha kimya tena.

Asubuhi moja nikapiga ukuta kwa ngumi. "Mwalimu, kama umesahau wimbo, lala."

"Sijasahau, Mama Maharagi." Alikuwa ananiita hivyo kwa sababu nauza maharagi. "Sasa ni zamu yake."

"Zamu ya nani? Uko na mutu mule?"

"Ya piano."

Piano hakuwa nayo, na mutu wa kuipiga hakuwa naye. Akanieleza kupitia zile nafasi za mbao. Wimbo wenyewe ni wa wawili, klarineti na piano, lakini padri muzee aliyemufundisha alimuachia karatasi za klarineti peke yake. Za piano hazikuwamo. Kwa karatasi yake, penye piano inasema peke yake, paliandikwa namba tu za kuonyesha anyamaze muda gani. Kwa hiyo alikuwa ananyamaza, na anahesabu.

Munajua vile mutu anasema kwa telefone, na wewe umekaa pembeni? Unasikia, "Ee. Hapana. Kweli? Na mama yake?" na hujui wa ng'ambo amesema nini. Mwalimu alikuwa kwa ile telefone tangu ndevu zake nyeusi. Nilipojua hivyo, nikaanza kumusaidia. Akinyamaza, mimi kitandani najibu, "Enhe." Akinyamaza tena, najibu, "Sasa wewe ulimwambia nini?" Nikasikia anacheka ndani ya klarineti, na ile ni sauti ya ajabu sana, kama kuku anakunywa soda.

Siku ingine akaja kwangu mchana, mukono kwa mudomo, tete haliko, akaingia bila hodi. Nikaogopa. Nilimuwekea kiti. Akafunua mudomo na kunionyesha meno mawili ya mbele, ya juu. Yalikuwa yanacheza kama nguzo za uzio wakati wa mvua.

"Daktari anayatoa siku ya kwanza ya juma linalokuja," akasema.

"Watakuwekea ya bandia. Hata mimi niko nayo."

"Ya bandia ni ya kutafuna nyama. Klarineti inashikwa na haya mawili, Mama Maharagi. Hapa. Yakitoka, imekwisha." Akaangalia ile saa yake iliyokufa. "Nimepiga nusu ya wimbo huu maisha yangu yote. Nataka nisikie ile nusu ingine mara moja, niko ndani. Na mashine iukamate, ubaki."

Mimi simupi mutu ahadi haraka. Nilimupa uji. Halafu nikamuita mujukuu wangu Neema, anayefanya kazi ya kurekodi sauti kwa radio. Neema akazitafuta zile karatasi za piano kwa telefone, akazipata kabla uji haujapoa. Mwalimu aliziangalia kwa muda mrefu. Akaweka kidole mahali. "Angalia," akasema, "kumbe hapa alikuwa ananichekelea."

Neema akataka kuleta kinanda cha umeme. Mwalimu akakataa. "Hiyo ni supu ya kyub ya dukani, bila mufupa." Piano ya kweli ilikuwa Kibati, kwa deklaran mumoja, kazi yake kupitisha mizigo ya watu kwa duane, ofisi ya ushuru, kule mupaka wa Bunagana. Zamani alikaa seminari, alitoka bila upadri lakini alitoka na vidole. Piano yake ilitoka Kampala na aliipitisha mwenyewe. Wa duane walizunguka ile piano wakamuuliza kama ni meza ao kabati, yeye akaandika: meza yenye kusema. Lakini Kibati nyumba yake iko kando ya barabara ya malori, na bati lake halina plafon ya kuzuia kelele. Hapakufaa kurekodi.

Basi Mwalimu akazunguka avenyi yetu akiingia nyumba kwa nyumba, anasimama katikati ya saluni za watu, penye wanapokea wageni, na kupiga makofi mara moja, pa, anasikiliza, anatoka bila kuaga. Alipofika kwangu akapiga, pa, akafunga macho. Saluni yangu ndiyo depo yangu: mifuko ya maharagi kutoka chini mpaka juu, kuta tatu. "Hapa," akasema. "Sauti inaingia kwa maharagi inatulia. Hairuki, haifi." Nikamwambia maharagi yangu hayajawahi kusifiwa hivyo na mwenye kuyala.

Sasa kosa ni langu, na nalisema mbele yenu. Siku ya Posho, ni kusema Jumamosi, tulipanga kurekodi saa ine asubuhi. Siku moja kabla, nilipita avenyi nzima. Mwingine angeeleza. Mimi sina tabia ya kueleza. Nilisimama kwa kila mulango nikasema, "Kesho kuanzia saa ine sitaki kusikia kitu. Radio, kinu, nyundo, mutoto, hakuna. Musiniulize." Kisha nikafunga depo, na mimi sijafunga depo siku ya Posho tangu nianze biashara. Nikatoa mabenchi yangu yote inje ya saluni, nikayapanga kwa parsel, ule uwanja mbele ya nyumba, ili piano ipate nafasi.

Asubuhi piano ikateremuka kutoka Kibati. Iliwekwa chali, imelazwa juu ya chukudu mbili zilizofungwa pamoja, zile za mbao zenye kubeba kila kitu cha muji huu. Deklaran aliifunika mashuka meupe, sababu ya vumbi. Na kwa vile njia yote ni muteremuko, wanaume sita walikuwa wanaivuta nyuma kwa kamba isikimbie, wanatembea hatua kwa hatua, vichwa chini, wanaangalia mawe. Nyuma yao Mwalimu, kwa suti yake nyeusi ya fanfari, kofia mukononi, na kiganja kwa shavu sababu ya meno.

Mimi nilikuwa ndani, sikuona. Lakini wenye waliona waliniambia. Njia nzima watu walivua kofia. Motari mumoja alizima pikipiki yake akaisukuma. Wamama wawili watatu wakajiunga nyuma bila kuuliza.

Wakaiingiza kwangu, wakaisimamisha katikati ya mifuko. Deklaran akaanza kukaza nyuzi zake kwa ufunguo, sauti moja moja. Ting. Ananyamaza, anasikiliza. Ting. Ananyamaza. Hivyo karibu saa nzima, kama kengele ya kanisa siku ile munaijua. Neema akafunga mulango na madirisha, akatundika blanketi. Akaniambia, "Koko, ukikohoa nakutoa." Mujukuu niliyemulea kwa maziwa yangu ya Masisi. Nikakaa kwa mufuko.

Wakaanza.

Sitasema kwamba najua muziki. Nasema hivi: ule wimbo niliusikia kwa ukuta kila asubuhi, nusu, na siku ile ulikuja muzima. Mwalimu akasema lake, akanyamaza, na piano ikajibu. Ilimujibu kwa haraka, kwa matani, kama shemeji. Mwalimu alifungua macho makubwa. Muguu wake ulianza kuhesabu, to, to, kisha ukaacha. Hakukuwa na haja ya kuhesabu tena. Sehemu ya kwanza ilikimbia, wawili wanafukuzana katikati ya maharagi, na mimi nilikuwa nimeshika mudomo ili nisijibu "Enhe" kwa mazoea.

Pale karibu na mwisho wa ile sehemu ndipo nikasikia kilio.

"Uuuwi, dada yangu. Nani atanigombeza sasa? Nani ataniambia makala yangu imelowa?"

Ile sauti naijua. Ni Mama Makala, jirani wangu wa ng'ambo, anauza makala, yale makaa ya kupikia, tumegombana tangu vita ya kwanza. Nikajiuliza nani alimufia. Sauti ingine ikasema, "Jana alipita kwetu. Alijua siku yake. Alikuwa anatuaga." Ingine, "Alisema hataki kelele. Mpaka mwisho alikuwa mukali." Na Mama Makala, katikati ya machozi, "Mukali, ndiyo, lakini maharagi yake hayakuwa na mawe hata siku moja."

Mungu anisamehe, nilisikia utamu. Kisha nikaelewa aliyekufa ni nani.

Neema naye alikisikia kwa mashine yake. Akanyosha mukono kusimamisha. Mwalimu, sehemu ya kwanza imekwisha, alimutikisia kichwa, hapana, na klarineti bado iko kwa mudomo. Akanyosha kidole kimoja kwa meno. Tuliona wote. Jino moja lilikuwa linashikwa na klarineti tu. Angetoa chombo kwa mudomo, jino lingetoka nacho, na wimbo ungebaki nusu tena, mara hii kwa siku zote.

Mulango wangu unalia kuliko Mama Makala, haungefunguliwa. Basi nikaingia chumbani na kupita kwa dirisha. Umri huu. Pagne, kitenge changu, ilishikwa na musumari, nikabaki juu kidogo nikiangalia mawe ya volkano, nikatubu zambi mbili tatu, nikaanguka upande mwingine. Nikajipangusa, lakini vumbi la mifuko lilikuwa limenifanya mweupe kutoka nywele mpaka vidole. Nikazunguka nyumba, nikatokea mbele ya watu.

Parsel ilijaa. Bashi, turubai ya plastiki, walikuwa wameanza kuifunga kwa miti. Kuni zimefika, masufuria yamefika. Mabenchi yangu yamekaliwa yote. Nikasimama mbele yao, mweupe vile, na kidole kwa mudomo.

Vilio vikakatika. Mama Makala akakaa juu ya kuni taratibu, kama jua linazama. Mutu mumoja nyuma akanongona, "Ni kweli amekufa. Angalia, hagombezi."

Na ndani ya ule ukimya Mwalimu akaanza sehemu ya polepole. Goma haijawahi kunyamaza hivyo tangu mulima wa moto uijue. Ile sehemu inatembea kama mutu anayebeba maji bila kifuniko. Watu wakaigeukia nyumba, wakaisikiliza. Sikujua kama wanaiogopa ao wanaipenda, na mimi mwenyewe, maiti, nilisimama pale kidole kwa mudomo na macho yangu yanauma.

Sehemu ya tatu ikaanza, ile inayocheza. Mama Makala akainuka, akanikaribia, akanifinya mukono kwa nguvu.

"Uko na moto," akanongona.

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Unapumua?"

Ndiyo.

"Na mimi nililia vile bure?"

Ndiyo.

Akaweka pagne yote kwa mudomo wake. Tumbo likaanza kuruka. Kicheko kikapita kwa mabenchi kama upepo kwa mutama, kila mutu ameshika pua ya mwenzake, na miguu, haiwezekani kuizuia miguu, ikaanza kucheza chini chini. Ndani piano na klarineti zikafukuzana, zikashikana, zikasema neno moja pamoja, zikakata.

Kisha ndani sauti ndogo kwa mbao: tak.

Neema alizani piano imevunjika. Lilikuwa jino.

Tulikula chakula cha matanga yangu, na nilijipatia nyama ya kwanza, kwa haki. Mwalimu alikunywa muchuzi tu, na damu kidogo kwa leso, na alikuwa anaenda kwa kila mutu anauliza, "Ulisikia vile alinijibu? Ulisikia?" Siku ya kwanza ya juma daktari alimutoa jino lililobaki, na klarineti ikaenda kwa binti mumoja wa fanfari. Asubuhi zangu zikawa kimya. Nilikuwa naamuka ile saa na kungoja, kama mujinga.

Mwaka huu, mvua zilipopungua, Mwalimu akaja kunisalimia. Amekonda, anatembea na fimbo, maneno yake yanatoka na upepo, lakini bado ni mengi. Neema alikuwa na zawadi yake. Kwa kompyuta ya radio alikuwa amesafisha ile kanda, kazi ya majuma, kila kilio, kila muguu, kila kikohozi, vyote vilitolewa. Akaipiga kwa spika kubwa, nyumba nzima ikakaa.

Mwalimu akaisikiliza mpaka mwisho, fimbo kati ya magoti. Akasema kwa adabu, "Huyu anapiga vizuri. Anakaa wapi?"

"Ni wewe, Mwalimu," Neema akasema.

"Hapana, mutoto wangu. Huyu hana majirani."

Neema akainamisha uso. Mimi nikamwambia alete ile ingine, ya mwanzo. Akaileta. Mama Makala akalia ndani ya spika, na Mwalimu akanyosha mugongo. Kwa sehemu ya polepole alifunga macho, na kila piano iliposema peke yake midomo yake ilitabasamu, kila mara, kama mutu anayesikia jina lake barabarani. Ilipokwisha hakusema kitu. Ni mara ya kwanza nilimuona amenyamaza bila tete kwa mudomo.

Nikaita wote walio wangu, wana, wakwe, wajukuu, wasimame mbele yangu. Nikasema, "Ile safi muifute leo, mbele ya macho yangu. Wale watu wote wanaosikika kwa ile ingine ni wageni wangu, na kwa nyumba hii hakuna mwenye kufukuza mugeni."